Uchambuzi: Cheti cha Usimamizi wa Miradi Kipimwe kwa Kazi Iliyokamilika

Oktoba 10, 2021, Serikali ilizindua jijini Dodoma Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliogharamiwa kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Sehemu ya fedha hizo ilielekezwa katika ujenzi wa vyumba vya madarasa 15,000, vikiwemo 12,000 vya shule za sekondari na 3,000 vya vituo shikizi, kwa makadirio ya shilingi milioni 20 kwa kila chumba. Madarasa ya sekondari yalihitajika kabla ya wanafunzi wa kidato cha kwanza kuripoti Januari 2022, ili wote waliofaulu waanze masomo kwa pamoja bila kusubiri chaguo la pili. Kwa hesabu ya kalenda, muda uliokuwepo ni takribani miezi mitatu.

Ujenzi huo ulifanyika kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo taasisi ya umma hununua vifaa yenyewe na kuwatumia mafundi wa eneo husika badala ya kumkabidhi mkandarasi kazi yote. Kwa sababu hiyo, mtu aliyelazimika kujua kila asubuhi kama saruji imefika, kama nondo zinatosha na kama fundi amelipwa, mara nyingi alikuwa mkuu wa shule akisaidiwa na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Wengi wa wakuu hao walisomea ualimu. Walifanya kazi ya meneja wa mradi bila kuitwa kwa jina hilo.

Mfano huo unafaa kukumbukwa wakati huu ambapo mafunzo ya usimamizi wa miradi na mitihani ya vyeti vya kimataifa vinazidi kutajwa katika utumishi wa umma na sekta binafsi. Watumishi wengi, hasa wahandisi, wachumi, wahasibu na wataalamu wa mifumo ya habari, hutumia akiba zao na saa za usiku kujiandaa kwa mitihani hiyo. Kwa mwananchi anayefuatilia matumizi ya kodi yake, jambo la msingi ni kujua kama cheti kinachopatikana kinabadilisha namna uamuzi unavyofanyika katika eneo la mradi. Kisipobadilisha, kinabaki kuwa pambo la wasifu wa mwombaji kazi.

Meneja wa mradi hupatikanaje

Taaluma nyingi zinazohusika na miradi ya umma zina bodi zake za kisheria. Wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), ambayo tangu 2003 imekuwa ikiendesha mpango wa mafunzo kwa vitendo kwa wahandisi wahitimu. Wataalamu wa ununuzi hupimwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi (PSPTB), na wahasibu hufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Meneja wa mradi kwa kawaida hutoka katika mojawapo ya taaluma hizo au nyingine, kisha hukabidhiwa jukumu linalovuka mipaka ya alichosomea. Mhandisi anajikuta akishughulikia malalamiko ya wananchi wanaopisha mradi. Mchumi anajikuta akisoma mchoro wa jengo.

Pengo hilo ndilo linalojazwa na mafunzo ya usimamizi wa miradi. Vyuo vya ndani, kikiwemo Chuo Kikuu Mzumbe, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kilichopo Dodoma, hutoa masomo ya fani hiyo. Sambamba na vyuo, vipo vyeti vya kimataifa, na kinachofahamika zaidi ni PMP kinachotolewa na taasisi ya PMI ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1969. Kingine ni PRINCE2, ambacho chimbuko lake ni serikalini: mfumo wa PRINCE ulianza mwaka 1989 ukiwa kiwango cha Serikali ya Uingereza kwa miradi ya mifumo ya kompyuta, na toleo la PRINCE2 likatoka mwaka 1996 kwa ajili ya miradi ya aina zote.

Serikali nyingine zimekwenda hatua zaidi. Mwaka 2016 Marekani ilipitisha sheria inayozitaka taasisi zake za serikali kuu kuimarisha usimamizi wa programu na miradi, ikiwa ni pamoja na kuainisha ujuzi unaohitajika na njia ya kupanda ngazi kwa watumishi wa fani hiyo. Msingi wa sheria hiyo ni kwamba usimamizi wa mradi ni kazi inayosomewa na kupimwa, na haifai kuwa jukumu la ziada linaloangukia yeyote aliyepo ofisini.

Mtihani unapima nini

Mtu mwenye shahada anayetaka kufanya mtihani wa PMP hutakiwa kuonyesha uzoefu wa miezi 36 ya kuongoza miradi, pamoja na saa 35 za mafunzo. Asiye na shahada hutakiwa kuwa na uzoefu wa miezi 60. Baadhi ya maombi huteuliwa kwa ajili ya uhakiki, na mwombaji hutakiwa kuleta uthibitisho wa miradi aliyoitaja. Kwa asiye na uzoefu wa kutosha kuna cheti cha ngazi ya chini cha CAPM, ambacho hakidai uzoefu wa kuongoza miradi.

Kwa muhtasari wa mtihani ulioanza kutumika Januari 2021, mtahiniwa wa PMP alijibu maswali 180 kwa dakika 230, sawa na takribani sekunde 77 kwa kila swali. Asilimia 42 ya maswali yalihusu watu, yaani kuongoza timu, kutatua migogoro na kushirikisha wadau. Asilimia 50 yalihusu taratibu za kazi, kama vile ratiba, bajeti, ununuzi na vihatarishi, na asilimia 8 mazingira ambamo mradi unatekelezwa. Migawanyo hii hurekebishwa kila baada ya miaka michache. Mtahiniwa anayenunua kitabu cha zamani kwa bei nafuu bila kusoma muhtasari unaotumika anaweza kujikuta amejiandaa kwa mtihani usiokuwepo tena.

Jambo linalowashangaza watahiniwa wengi ni kwamba maswali ya kukariri tafsiri za maneno ni machache. Mengi hueleza hali fulani, kisha huuliza: meneja wa mradi afanye nini kwanza? Kwa mfano, kazi ipo katikati na mdau mwenye ushawishi anaomba jambo jipya liongezwe. Meneja anaweza kukubali ili kulinda uhusiano, kukataa kwa sababu mpango umeshapitishwa, kupeleka suala kwa mkubwa wake, au kupima kwanza athari za ombi hilo kwa muda, gharama na ubora, kisha kuliwasilisha kwa utaratibu wa mabadiliko uliokubaliwa. Jibu linalotarajiwa ni hilo la mwisho.

Swali hilo si geni katika mazingira ya Tanzania. Zahanati inajengwa, kiongozi anafika kukagua na kushauri baraza lipanuliwe ili wagonjwa wapate kivuli. Ushauri ni mwema na waliopo wanaupigia makofi. Kufikia jioni mafundi wameshachimba msingi wa nyongeza, na hakuna aliyeandika wala kukokotoa lolote. Miezi miwili baadaye jengo limeezekwa lakini halina milango, na taarifa inaandikwa kwamba fedha hazikutosha. Kauli hiyo ni ya kweli, ila imeficha sababu. Anayesoma taarifa ngazi ya juu hawezi kujua kama makadirio ya awali yalikuwa na kasoro, kama bei zilipanda au kama kazi yenyewe iliongezwa njiani. Mwaka unaofuata kosa hilohilo linaweza kurudiwa katika kata nyingine.

Mafunzo mazuri humjengea mtumishi mazoea ya kusema kwa heshima: ushauri umepokelewa, tutapima gharama yake na kurudisha majibu kwa kamati kabla ya kazi kuanza. Sentensi hiyo fupi inaweza kuokoa fedha nyingi kuliko ukaguzi unaokuja baada ya jengo kukwama.

Hesabu isiyoonekana katika taarifa ya matumizi

Eneo jingine ambalo maandalizi ya mtihani huleta tija ni upimaji wa thamani ya kazi iliyofanyika. Mathalani, shule inajenga vyumba vitano vya madarasa kwa shilingi milioni 100. Mpango unaonyesha kuwa mwishoni mwa mwezi wa pili kazi iwe imefikia asilimia 60. Siku ya taarifa, fedha zilizotumika ni shilingi milioni 60. Kwa anayetazama matumizi pekee, mradi unakwenda kama ulivyopangwa.

Mhandisi anapopima kazi yenyewe anakuta imefikia asilimia 45, yaani thamani ya shilingi milioni 45. Kila shilingi moja iliyotumika imezaa kazi ya senti 75. Hali hiyo ikiendelea hadi mwisho, gharama ya kukamilisha madarasa yote itafikia takribani shilingi milioni 133, na upungufu wa milioni 33 ni zaidi ya gharama ya chumba kizima kimoja. Hesabu hii ni ya kuzidisha na kugawanya tu, na mwalimu wa hisabati anaweza kuifanya ubaoni. Inachohitaji ni mpango ulioandikwa mwanzoni na upimaji wa kweli wa kazi kila baada ya muda uliowekwa.

Hesabu hiyo haimtuhumu mtu. Inawezekana vifaa vya mwezi ujao vimeshanunuliwa na vipo stoo. Inawezekana pia bei ya nondo imepanda, au makadirio ya msingi hayakuzingatia aina ya udongo, au kuna upotevu. Faida yake ni kwamba swali linaulizwa mwezi wa pili, wakati bado kuna milioni 40 mkononi na uamuzi unaweza kubadilishwa. Likisubiri mwezi wa sita, linaulizwa na mkaguzi.

Kila mwaka ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ikiwemo ile inayohusu miradi ya maendeleo, hutaja miradi iliyochelewa, kazi zilizoongezwa bila utaratibu na riba zinazotokana na kuchelewa kuwalipa wakandarasi. Nyingi ya hoja hizo zina mizizi katika maandalizi: upembuzi uliofanywa kwa haraka, ratiba isiyolingana na mtiririko wa fedha, na vihatarishi ambavyo havikuandikwa popote hadi vilipotokea. Miradi mikubwa nayo huonyesha ugumu wa kupanga muda. Mradi wa Kufua Umeme wa Julius Nyerere wenye uwezo wa megawati 2,115 ulitarajiwa awali kukamilika Juni 2022. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme Februari 2024, na mitambo yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Leo mradi huo ni nguzo ya gridi ya Taifa. Funzo lake ni kwamba hata mradi wenye usimamizi wa karibu na wataalamu wengi unahitaji muda wa akiba na mpango wa kukabiliana na yasiyotarajiwa.

Maandalizi yenye tija na maandalizi ya kukariri

Watahiniwa hujiandaa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukusanya maelfu ya maswali ya majaribio na kuyarudia hadi majibu yanakaa kichwani. Njia hii inaweza kumpa mtu cheti, lakini maarifa yake hufifia mapema, na pale maswali yanapokuwa yamevuja kutoka katika mtihani halisi ni ukiukaji wa maadili unaoweza kumpotezea mtahiniwa sifa aliyoitafuta. Njia ya pili ni kuchukua mradi ambao mtumishi ameufanya mwenyewe na kuupitia upya kwa kila mada anayosoma. Anaposoma ratiba, anachora mtiririko wa kazi za mradi huo na kubaini zipi zikichelewa siku moja huchelewesha mradi wote. Anaposoma vihatarishi, anaorodhesha yaliyotokea na kujiuliza yapi yangeweza kuonekana mapema.

Kundi la watumishi watano au sita wa halmashauri moja, kutoka idara tofauti, linaweza kujiandaa kwa njia hiyo kwa gharama ndogo kuliko kila mmoja kulipia darasa lake. Mhandisi huwaeleza wenzake mlolongo wa ujenzi, afisa ununuzi hueleza muda ambao zabuni huchukua katika mfumo wa NeST, na mhasibu hueleza lini fedha huingia. Mara nyingi mazungumzo hayo huwa ndiyo mara ya kwanza kwa idara hizo kukaa pamoja kuzungumzia ratiba moja.

Gharama ni suala la kuzingatiwa kwa uwazi. Ada ya mtihani wa PMP ni mamia ya dola za Marekani kabla ya kuhesabu mafunzo na vitabu, kiasi ambacho kwa mtumishi wa kada ya kati ni mzigo. Mwenye cheti hutakiwa pia kukusanya pointi 60 za mafunzo endelevu kila baada ya miaka mitatu ili kukihuisha. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mtumishi anashauriwa kuhakikisha kuwa anakidhi vigezo vya uzoefu, kuulizia kama mafunzo hayo yamo katika mpango wa mafunzo wa taasisi yake, na kujihadhari na wakufunzi wanaotangaza uhakika wa kufaulu. Mwajiri, kwa upande wake, anaweza kuhakiki uhalali wa cheti kupitia daftari la wenye vyeti ambalo PMI huliweka wazi mtandaoni.

Ni muhimu vilevile kutofautisha cheti hiki na leseni ya kitaaluma. Mwenye PMP hapati kwa cheti hicho mamlaka ya kuidhinisha michoro ya kihandisi wala kufanya kazi za ukandarasi. Kazi hizo zinaendelea kusimamiwa na sheria na bodi zake, na ununuzi wote wa umma unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake. Tangazo la ajira linalotaja cheti cha kimataifa bila kutaja uelewa wa taratibu hizo linaweza kumpata mtu anayejua nadharia lakini asiyeweza kupitisha hati moja ya malipo.

Mafunzo kwa ngazi

Kwa kuzingatia hayo, mafunzo ya usimamizi wa miradi hayawezi kuwa ya aina moja kwa watu wote. Meneja wa mradi wa reli, bwawa au daraja anahitaji kiwango cha juu kinachotambulika kimataifa, kwa kuwa anakaa meza moja na wakandarasi na wakopeshaji wanaotumia lugha hiyo. Wataalamu wa halmashauri wanaweza kunufaika na mafunzo ya ngazi ya kati katika vyuo vya ndani, kama vile Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Chuo cha Utumishi wa Umma au Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, yakitumia mifano ya miradi ya halmashauri zenyewe.

Ngazi ya tatu, yenye watu wengi zaidi, ni ile ya wakuu wa shule, waganga wafawidhi, watendaji wa kata na wajumbe wa kamati za ujenzi. Hawa hawahitaji mtihani mrefu kwa Kiingereza. Wanachohitaji ni mafunzo ya siku chache, kwa Kiswahili, yanayotolewa kabla fedha hazijaingia katika akaunti, na kipimo cha vitendo: asome mchoro wa chumba kimoja, apange kalenda ya kazi kuanzia msingi hadi lipu na sakafu, ajaze daftari la vifaa vinavyoingia na kutoka, na aandike ombi la mabadiliko katika ukurasa mmoja. Asiyeweza kufanya hayo asaidiwe kabla ya kukabidhiwa shilingi milioni 100, kwa sababu kosa likitokea yeye ndiye atakayetakiwa kujibu.

Hoja ya lugha si ndogo. Mawanda ya mradi, kihatarishi, mdau, njia ya kazi zisizoweza kuchelewa na thamani ya kazi iliyofanyika ni dhana zinazoelezeka kwa Kiswahili sanifu bila kupoteza maana. Zikielezwa hivyo katika mkutano wa kijiji, mjumbe wa kamati ambaye hakufika sekondari anaweza kuuliza swali lilelile linaloulizwa katika mtihani wa kimataifa: kabla hatujaongeza, tumepima?

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 17, 2025, itatekelezwa kupitia maelfu ya miradi, mingi ikiwa ya ukubwa wa madarasa mawili, kisima au wodi ya wazazi. Idadi ya watumishi wenye vyeti itakuwa kiashiria kimojawapo cha maandalizi. Kiashiria kingine kipo katika eneo la mradi na mwananchi anaweza kukiona mwenyewe. Taarifa inapotolewa kwamba mradi umefikia asilimia fulani, anayo haki ya kuuliza asilimia hiyo ni ya fedha iliyotumika au ya kazi iliyofanyika, mpango ulisema iwe ngapi siku hiyo, na nani aliidhinisha kilichoongezwa. Msimamizi aliyeandaliwa vizuri, awe na cheti au asiwe nacho, atakuwa na majibu hayo katika daftari lake.